Mbwa aliyezeeka na mafunzo ya imani: je, tunadaiwa chochote?

MkulimaMtama (Mtama, Lindi)

Assalaam alaykum wapendwa, na kwa ndugu zangu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba niulize jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu bila kumpata mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu kwetu huku mtu akianza kuwataja mbwa na imani katika sentensi moja, wasikilizaji huona kwamba amevuka mpaka.

Ninalima mahindi na muhogo, na nina mikorosho michache nje kidogo ya Mtama. Mnaolima huku Kusini mnajua kwamba shamba lisilolindwa halina mwenyewe, kwa kuwa nguruwe pori wakiingia usiku mmoja wanachimbua muhogo wa msimu mzima, na mchana ngedere na nyani wanamalizia kilichobaki. Miaka ya nyuma kulala dunguni kulikuwa na hatari iliyozidi hasara ya mazao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania tangu mwaka 1990, na mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Simba waliwafuata nguruwe hadi mashambani, na huko wakawakuta wakulima wamelala katika vibanda vya makuti. Marehemu mjomba wangu alilinda shamba katika miaka hiyo, naye ndiye aliyeturithisha desturi ya kutopanda dunguni bila mbwa.

Mbwa niliye naye anaitwa Sikujua, jina alilopewa na mjomba angali mtoto mdogo. Katika kuishi naye nimejifunza mambo ambayo nilikuwa nimeyasikia darsani tangu utotoni lakini sikuwa nimeyaona kwa macho. Kubwa kuliko yote ni ikhlasi, yaani kutenda jema kwa moyo safi bila kutafuta kuonekana. Mbwa huyu analinda muhogo mbichi ambao yeye mwenyewe hata kuunusa hataki. Usiku ambao nilikuwa macho na usiku ambao nililala kwa uchovu, alizunguka shamba vilevile, na asubuhi niliziona alama za miguu yake kwenye udongo wa mpakani, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa akimtazama. Mimi nikifanya jambo jema, nafsi yangu huwa inageuka kuangalia ni nani ameliona. Nimesimama mara nyingi juu ya alama zile nikijiuliza ni amali gani yangu inayofanana nazo.

Sasa amezeeka. Macho yamekuwa na ukungu, masikio hayasikii vizuri, na miguu ya nyuma inamlemea kiasi kwamba hawezi tena kufika mpakani. Nguruwe waliingia msimu uliopita naye amelala. Kaka yangu anasema tumvushe Mto Lukuledi tumwache ng'ambo, na hoja yake ni ya kidini: Mwislamu ameruhusiwa kuweka mbwa kwa ajili ya kazi ya shamba, mifugo au uwindaji, kwa hiyo kazi ikikwisha na ruhusa imekwisha.

Ninauliza mambo mawili. Je, ni adabu kwa muumini kusema kwamba amejifunza ikhlasi kutoka kwa mbwa? Na kama nimejifunza, je, ninadaiwa chochote na mnyama huyu ambaye hanifai tena kwa kazi?

MwalimuWaChuo (Lindi mjini)

Wa alaykum salaam dada Mkulima. Swali lako ni zito, nami nitalijibu kwa kadiri ya nilichosoma, huku nikikusihi umwone pia sheikh aliye karibu nawe, kwa kuwa yeye atakusikiliza ana kwa ana.

Kuhusu adabu ya kujifunza, wengi wetu husoma Suratul Kahf kila Ijumaa, lakini tunaipita aya ya 18 haraka mno. Vijana wale waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao wametajwa wakiwa wamelala, wakigeuzwa kuliani na kushotoni, na mbwa wao ametajwa pamoja nao akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kisha katika aya ya 22 watu wanabishana kuhusu idadi yao: wengine wanasema watatu na wa nne wao ni mbwa wao, wengine watano na wa sita wao ni mbwa wao, wengine saba na wa nane wao ni mbwa wao. Mwenyezi Mungu anasema Yeye ndiye anayejua zaidi idadi yao. Naomba uangalie kwamba watu wamehitilafiana kuhusu vijana walikuwa wangapi, lakini katika kila hesabu mbwa yumo. Tena aya haituelezi kwamba alibweka, wala kwamba alimfukuza mtu yeyote. Alikuwa pamoja na watu wema, akakaa mahali pake mlangoni, basi akatajwa katika kitabu kinachosomwa mpaka siku ya mwisho.

Katika Suratul Maida, aya ya 4, tumehalalishiwa kula kile tunachokamatiwa na wanyama wa kuwinda tuliowafundisha, na aya inasema tunawafundisha sehemu ya yale ambayo Mwenyezi Mungu ametufundisha sisi. Mnyama aliyepokea elimu iliyoanzia kwa Mola wake na kupitia mkononi mwako, sioni ni kwa nini iwe aibu kwako kuiona elimu ile ikirudi kwako kwa njia ya vitendo vyake.

Twahara ni mlango mwingine kabisa, na nafikiri hapa ndipo watu wetu wanapochanganya. Sisi wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, ambayo yanahesabu mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Imam Malik na wafuasi wake walimwona mbwa kuwa mnyama twahara, ingawa nao wanaosha chombo kwa kutii Hadithi. Wote wawili ni maimamu wetu. Hukumu ya mate haikuwahi kuwa hukumu ya thamani ya kiumbe. Wazee waliposema kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini walikuwa wakilinda usafi wa ibada, na msemo huo ni wa kweli mahali pake, lakini hawakusema kwamba mbwa asipewe maji. Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, iko katika Bukhari na Muslim. Mtu yule alisamehewa dhambi zake, na maswahaba walipouliza kama tuna ujira hata kwa wanyama, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwajibu kwamba kuna ujira katika kila kiumbe chenye uhai.

Sasa nije kwa kaka yako. Hoja yake ina sehemu ya ukweli, kwa sababu Hadithi inasema anayeweka mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo wala wa shamba hupungukiwa ujira wake kila siku. Hata hivyo, hoja hiyo inahusu kumweka mbwa bila haja, na kwako haja ilikuwapo. Ukishamchukua mnyama, unaingia katika mlango wa haki za mnyama aliye chini ya mkono wako. Mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu haya haya ya Shafii, Izzuddin bin Abdussalam, aliyefariki mwaka 1262 kwa hesabu ya miladi, aliorodhesha haki ambazo wanyama wanazo juu ya mwanadamu, na ya kwanza aliyoitaja ni kumgharimia mnyama matumizi yanayomstahili, hata kama amezeeka au ameugua kiasi kwamba hana tena manufaa yoyote. Niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, kwa sababu yanajibu swali lako kana kwamba ulimwandikia yeye.

Kaka yako anaweza kusema kwamba kumvusha mto si kumnyima chakula bali ni kumwachia huru. Mkumbushe Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: hakumlisha alipomfunga, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Aliyelaumiwa ni yule aliyemzuia kiumbe asipate riziki. Mbwa asiyeona wala kusikia, akiachwa ng'ambo ya mto, amefungwa na uzee wake mwenyewe, na kamba ile tunakuwa tumeikaza sisi. Kwa maoni yangu ruhusa ya kumweka haijakwisha, kwa kuwa sasa kinachomweka kwako ni haki yake.

KatekistaNdanda (Ndanda, Masasi)

Mama Mkulima, amani ya Bwana iwe nawe. Nimesoma jibu la Mwalimu nikafurahi, kwa maana nami nina andiko ambalo nimelitafakari kwa miaka mingi na linakwenda njia hiyo hiyo.

Katika Kitabu cha Tobiti, ambacho kimo katika Biblia yetu sisi Wakatoliki, kijana Tobia anatumwa safari ya mbali kudai fedha ya baba yake, na msafiri mwenziwe, ambaye anajiita Azaria, kumbe ni malaika Rafaeli. Mwandishi anasema kwamba mbwa wa kijana akafuatana nao. Baada ya hapo yanatokea mambo makubwa: samaki mtoni, ndoa, pepo kufukuzwa, dawa ya macho ya baba. Mbwa hayumo katika lolote kati ya hayo. Mwishoni, walipokuwa wakirudi nyumbani, tunaambiwa tena kwamba mbwa alikuwa nyuma yao. Nimewasikia watu wakisema mistari hiyo miwili haina kazi na ingeweza kuondolewa bila hadithi kupungua. Mimi naona kwamba imewekwa ili tujue Mungu anaandika hata jina la kazi isiyo na matunda ya kuonekana, yaani kufuatana na mtu kwenda na kurudi.

Sehemu ya utume wangu ni kuwatembelea wagonjwa katika hospitali ya misheni hapa Ndanda, mahali ambapo Wabenediktini walianza kazi mwaka 1906. Neno ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wazee, kuliko hata malalamiko ya maumivu, ni kwamba hawana faida tena. Mzee aliyepanda mikorosho ambayo wajukuu wanaiuza leo anakuambia kwa sauti ya chini kwamba anawala watoto bure. Swali la mbwa wako naliona linagusa swali hilo. Simlinganishi binadamu na mnyama, kwa kuwa binadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu na heshima yake haina mfano. Lakini watoto waliomo katika ua wako wanajifunza sasa hivi kiumbe kikiisha kufaa kinapelekwa wapi, na somo hilo hawatalisahau siku wewe na mimi tutakapokuwa tumelala kitandani.

Kitabu cha Mithali, sura ya 12, aya ya 10, kinasema kwamba mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Andiko halikuongeza sharti la kwamba mnyama huyo awe bado anafanya kazi. Na katika Luka 16, Lazaro alipolala mlangoni pa tajiri na vidonda vyake, mbwa ndio waliomsogelea wakavilamba. Tajiri alikuwa na meza, mavazi ya zambarau na nafasi ya kila siku ya kufanya jambo dogo. Naisoma sehemu hiyo kila Kwaresima, na bado inanichoma.

MkaziTandahimba (Tandahimba, Mtwara)

Nawaheshimu wote mliotangulia, lakini naomba nitoe maoni tofauti kwa nia njema. Maandiko hayamtukuzi mbwa jinsi mnavyosema. Katika Suratul A'raf, aya ya 176, mtu aliyezikataa aya za Mwenyezi Mungu baada ya kupewa amefananishwa na mbwa anayehema, ukimkaripia anahema, na ukimwacha anahema. Mithali 26 inamfananisha mpumbavu na mbwa anayerudia matapishi yake. Huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya kununua kwa ndoo katika miezi ya kiangazi, na wapo majirani wanaolala na mlo mmoja. Nina hofu kwamba tukianza kumfanya mnyama mwalimu wa dini tutampa chakula mbwa na kumpita jirani, tukijiona wacha Mungu. Dada yangu, kama nyumba yako ina uwezo, mtunze. Lakini usiiite imani kabla hujatazama ua wa pili.

MkulimaMtama

Nashukuru sana, kaka wa Tandahimba, maneno yako nimeyapokea. Jirani ninao, na mjane wa ua wa pili tunakula naye. Chakula cha mbwa huyu ni ukoko wa ugali na maji yaliyosuuziwa dagaa, ambayo hakuna mtu angeyataka. Sitaki kumfanya kuwa mwalimu wa dini. Mwalimu wangu ni Qur'ani, na mbwa amenionyesha tu kwamba nilichokuwa nikikisoma kinawezekana.

Mwalimu, umeniondolea mzigo. Katekista, suala la watoto sikuwa nimeliwaza hata kidogo, nami nimelisoma kwa sauti mbele ya kaka yangu. Hakujibu, ila ameuliza kama mbwa mzee ni hatari kwa watoto, hasa kwa kichaa cha mbwa. Naomba mwenye ujuzi anisaidie.

AfisaMifugoNachingwea (Nachingwea, Lindi)

Dada Mkulima, naomba nianze na lile la ng'ambo ya mto, kwa kuwa wengi hawalioni upande huu. Mbwa aliyetelekezwa hapotei. Akiwa na nguvu kidogo ataingia kijiji kingine, atalala sokoni au karibu na shule, hatakuwa na mwenyewe wa kumleta kwenye chanjo, na akiumwa na mbwa mwenye kichaa ataupokea ugonjwa na kuupeleka mbele. Kumtupa ni kuhamishia hatari kwa watoto wa watu wengine. Mbali na hilo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na inakataza kumtendea ukatili.

Uzee hauleti kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unasababishwa na virusi vinavyokaa katika mate, navyo huingia mwilini hasa kwa kuumwa, au mate yanapogusa kidonda. Hata mbwa wa umri mdogo, kuanzia miezi mitatu, anapaswa kuchanjwa, na chanjo irudiwe kila mwaka, pamoja na huyo mzee wako. Wataalamu wanasema kwamba kama asilimia 70 ya mbwa katika eneo wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Mikoa yetu ya Kusini ilikuwa katika mradi mkubwa wa chanjo ya mbwa ulioanza mwaka 2010 na kuendelea kwa miaka kadhaa, na wazee wa vijiji wanaikumbuka foleni ile ya watu na mbwa wao chini ya miembe. Mafanikio hayo yanadumu tu iwapo kila mwenye mbwa ataendelea kumleta. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na halmashauri nyingi huitumia kutoa chanjo, kwa hiyo ulizia mapema.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje, wala asianzie kwa mganga wa kienyeji, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Maji na sabuni ni jambo dogo ambalo limeokoa maisha mengi, na linapuuzwa kwa sababu ni dogo.

Nami niseme neno langu kuhusu imani, ingawa si fani yangu. Katika kazi hii nimeona kwamba upendo wa watu kwa mbwa wao unapimwa siku ya chanjo kuliko siku nyingine yoyote. Mtu anaweza kumsifu mbwa wake kwa ushujaa wa usiku kucha, lakini siku ya kumleta kwa kamba, juani, akisubiri zamu, hayupo. Kama unatafuta mahali pa kuiona amana kwa macho, ipo pale kwenye foleni.

MstaafuMikindani (Mikindani, Mtwara)

Wanangu, nimewasoma kwa utulivu. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, na kuna mbwa mmoja aliyehusiana na safari iliyoanzia hapa kwetu ambaye sijaacha kumkumbuka.

David Livingstone alishuka katika ghuba hii ya Mikindani mwezi Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho ya bara. Katika msafara huo alikuwa na mbwa mdogo wa manyoya ya kusokotana, wa aina ya poodle, aliyeitwa Chitane. Mbwa huyo alikuwa na ujasiri uliopita umbo lake, akiwafukuza mbwa wa vijijini kila walipopita. Mwezi Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walifika kwenye kinamasi chenye upana wa kama maili moja na maji ya kufika kiunoni. Livingstone alitangulia kuvuka. Mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba alisahau kuagiza lolote juu ya mbwa. Watu walikuwa wakihangaika wasiteleze, na hakuna aliyetambua kwamba Chitane alikuwa akiogelea katikati yao mpaka alipokufa maji. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Kwa kimo chake kile, katikati ya miguu ya watu na matete, huenda ufuko hakuuona.

Sisimulii haya ili kuwalaumu waliokuwapo. Katika msafara huo walikuwamo Chuma na Susi, ambao mwaka 1873, bwana wao alipofariki, waliongoza kazi ya kuubeba mwili wake kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, kitendo cha uaminifu ambacho dunia nzima imekiheshimu. Kwa hiyo hapakuwa na upungufu wa moyo mwema pale kinamasini. Kila mtu alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe, na mkuu wa msafara alisahau kumtaja yule asiyeweza kuuliza.

Mimi ni Mwislamu na nimekuwa na familia kubwa. Tangu nilipoisoma habari hiyo, kila tulipopanga jambo la nyumbani, iwe safari, harusi au msiba, nilikuwa nikijiuliza ni nani ambaye sijamtaja. Mara nyingi alikuwapo: mtoto wa kulea, bibi kiziwi, msichana wa kazi, na mara moja moja mbuzi aliyeachwa amefungwa juani. Binti yangu wa Mtama, wewe umemtaja wako kabla ya kuingia majini, tena umemtaja mbele ya watu. Huyo kaka yako naye usimwache nyuma katika jambo hili, kwa kuwa aliyekuwa akilinda nawe mashamba ya mjomba wenu huenda naye anaumia kumwona mbwa yule akiishiwa nguvu, na watu wengine wakiumia huomba kitu kiondolewe mbele ya macho yao.

MkulimaMtama

Shikamoo mzee wangu. Umelisema ambalo mimi dada yake nilikuwa silioni. Jana jioni kaka alikwenda mwenyewe kumpelekea maji.

Tumekubaliana kwamba Sikujua abaki, na kwamba tutafute mtoto wa mbwa wa kurithi kazi ya shamba. Nina maswali mawili madogo ya mwisho. Mwalimu, masika yakianza naweza kumwekea mahali pa kulala karibu na nyumba? Na Afisa, je, mzee na mtoto wanaweza kukaa pamoja?

MwalimuWaChuo

Mjengee kibanda chake uani, mbali na mahali mnapopikia na mnaposalia, na kiwe na paa lisilovuja. Chombo chake kiwe chake peke yake, kikae huko huko. Kumgusa akiwa mkavu, nawe mkono wako mkavu, hakukutii najisi kwa madhehebu yetu. Akiwa ameloa mvua na nguo yako ikamgusa, osha sehemu ile mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Watoto wafundishe hilo kwa upole, bila kuwatia hofu na mnyama.

AfisaMifugoNachingwea

Wanaweza, na ni vizuri, kwa kuwa mtoto wa mbwa hujifunza mipaka ya shamba na sauti za usiku kwa kumfuata mbwa mkubwa, hata yule anayetembea polepole. Walishe mbali mbali ili mdogo asimnyang'anye mzee chakula, na cha mzee kilowekwe kiwe laini, kwa sababu nadhani meno yake yameisha. Wakague wote wawili kwa kupe na viroboto, hasa masikioni na katikati ya vidole. Mtoto akifikisha miezi mitatu, waleteni pamoja kwa chanjo, na kadi zao mzihifadhi mahali ambapo kaka yako pia anapajua.